TAHARIRI: Darsa Isikatwe Njiani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Ama baad.

Ndugu wasomaji, mwezi uliopita tulikaa kumsikiliza mzee wetu mmoja akihitimisha darsa za mirathi. Vijana waliweka kamera nzuri, nasi tukatulia tukiamini kwamba kila neno linahifadhiwa. Tulipotazama baadaye, tukakuta picha imekoma katika dakika ya 29 na sekunde ya 59. Mzee alisomesha kwa saa moja na robo. Mfano wake wa mwisho wa ugawaji, uliokuwa ndio kiini cha darsa, haupo.

Kamera haikuharibika. Ilifanya kama ilivyotengenezwa. Kwa miaka mingi forodha za Ulaya zilikihesabu chombo kinachoweza kurekodi dakika 30 mfululizo kuwa ni kamera ya video, na ushuru wake ulikuwa mkubwa kuliko wa kamera ya picha za mnato. Watengenezaji wakaukwepa ushuru huo kwa kuikata video kabla ya nusu saa. Kamera za baadaye, kama Panasonic S1H ya mwaka 2019 na Sony α7S III ya mwaka 2020, hazina kikomo hicho. Lakini nyingi zilizomo mikononi mwa vijana wetu ni za zamani, zilizonunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika.

Je, tuzitupe? La, hasha! Kamera hizi zisizo na kioo cha ndani, zenye sensa ya fremu kamili ya milimita 36 kwa 24, huona vizuri penye mwanga hafifu, nazo darsa zetu nyingi ni za baada ya Magharibi. Dawa ni kurekodi nje ya kamera. Kamera hubaki kuwa jicho, na picha hupita katika waya wa HDMI hadi kwenye kinasa cha pembeni, kama vile Atomos Ninja V, chenye kioo cha inchi 5 na diski ya SSD. Kinasa hakifungwi na kikomo cha kadi ya kamera. Huendelea mpaka diski ijae au umeme ukatike.

Fauka ya hayo, ziko kamera ambazo ubora wake wote hutoka kwa waya tu. Sony α7S ya mwaka 2014 haikuweza kurekodi 4K ndani yake, bali iliitoa nje. Nikon Z 6 ya mwaka 2018 hurekodi ndani kwa biti 8, na kwa waya hutoa biti 10: ngazi 1,024 za kila rangi badala ya 256.

Ama masharti yake ni haya. Maandishi ya kioo cha kamera yaondolewe, yasije yakaingia katika picha. Kamera izuiwe kujizima yenyewe, na ipewe umeme wa ukutani. Waya ufungwe imara, kwani tundu dogo la HDMI hulegea kwa kuvutwa kidogo tu. Kisha mtu avae visikilizio na kuhakikisha kwamba sauti inafika kwenye kinasa, kwani darsa bila ya sauti si darsa.

Tujihadhari pia na israfu. Saa moja ya 4K katika mfumo wa ProRes 422, kwa fremu 25 kila sekunde, hula takriban GB 220, na Full HD hula takriban GB 55. Mwalimu aliyeketi mahali pamoja anatosheka na Full HD. Fedha itakayobaki inunue diski ya pili, ili kila darsa iwe na nakala mbili katika nyumba mbili.

Tunaziusia kamati za misikiti: kabla ya kuchangia lenzi mpya, ulizeni kwanza kama darsa ya saa mbili itarekodiwa mpaka mwisho. Lenzi hupatikana wakati wowote. Wazee wetu wanaondoka mmoja baada ya mwingine, na elimu iliyomo vifuani mwao ni amana juu yetu.

Wabillahi taufiq.