Bibi na Vioo Vyake: Namjibu Bwana wa Khitmani

Mwezi uliopita, tulipokuwa tukikusanya sahani baada ya khitma, bwana mmoja mwenye heshima zake aliniuliza mbele ya watu: "Bibi, bado unachezea vioo? Hizo pesa za umeme si bora ungepeleka nyumbani?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana khitmani hapagombanwi. Lakini kicheko kile hakijanitoka moyoni. Leo namjibu, yeye na wenziwe, na najua ni wengi.

Nilifanya kazi ya uuguzi zamu za usiku hapa Uingereza miaka 27. Nilistaafu 2017, nikakaa dirishani miezi kadhaa nikihesabu magari, kisha nikajiandikisha darasa la watu wazima la kuyeyusha vioo. Wanaocheka hawajaona kazi yenyewe. Unakata kioo cha rangi, unapanga vipande juu ya bamba la kioo, unatia kwenye tanuri la umeme. Joto likifika nyuzi 750 hivi za Selsiasi vipande vinashikana, kila kimoja na umbo lake. Likifika 800 vinayeyukiana vikawa kitu kimoja. Ukitaka sahani unarudisha bamba tanurini juu ya kalibu, kwa joto dogo zaidi, na kioo kinajilaza chenyewe. Wala vioo vyote havipatani. Vina namba kwa jinsi vinavyotanuka, na cha 90 ukikichanganya na cha 96 vitashikana vizuri, utashangilia, kisha vikipoa vitapasuka. Yamenipata hayo, na sahani ilikuwa zawadi ya harusi.

Kazi khasa iko kwenye kupoza. Tanuri husimama kwanza karibu na nyuzi 500, likatulia, ndipo likashuka polepole hadi asubuhi. Ukifungua kwa pupa umeharibu. Miaka 27 nilikesha kwa kengele za wagonjwa. Siku hizi nikiamka usiku wa manane nachungulia namba ya tanuri, narudi kulala.

Sasa pesa. Tanuri langu ni dogo, la mtumba, linachomekwa kwenye soketi ya kawaida. Umeme ni ghali, sitowadanganya, kwa hiyo nangoja lijae ndipo nichome, mara moja kwa wiki. Lakini nani kati yenu hajui nilivyopeleka? Ada za watoto wa ndugu, bati, saruji, dawa, sanda. Nina nyumba ya vyumba vinne kwetu Unguja, analala mlinzi peke yake. Bwana yule naye anayo ya kwake, tena ya ghorofa. Mbona nyumba asiyolala mwenyewe haiitwi mchezo, ila sahani yangu ninayowekea tende?

Wapo wanaonitakia mema, nao ndio wanaonichosha zaidi. "Uza, Bibi! Fungua biashara!" Sitaki. Siku nitakayouza nitaulizwa itakuwa tayari lini na kwa nini si ya buluu, na hapo zamu imenirudia.

Na wale wasemao ni mambo ya Wazungu, wakapite Mizingani walitazame jumba la dispensari ya kale, lililowekewa jiwe la msingi 1887, na vioo vyake vya rangi. Unguja Ukuu na Kilwa wataalamu wamechimbua shanga za kioo za karne nyingi nyuma. Kweli, nyingi zililetwa na majahazi kutoka ng'ambo. Basi mimi niko ng'ambo, natengeneza.

Linaloniuma ni jengine. Nimewazika wanaume wetu walioendesha mabasi na kusafisha ofisi miaka thelathini, wakastaafu, wakakaa mbele ya televisheni na simu mkononi wakingoja kuombwa pesa. Hawakuwa na pa kwenda ila msikitini na kwa daktari. Mikono ilikuwa mizima, haina la kushika. Wanawake tunapewa wajukuu tuwalee, na hilo likaitwa mapumziko. Nawapenda wajukuu zangu, lakini Jumanne mchana ni yangu. Jumuiya yetu ina ukumbi tunaoufungua kwa harusi, kwa khitma, na kwa kugombania uenyekiti. Siku nyengine umefungwa kufuli. Nimeomba mara mbili tupewe Alhamisi moja tu, wazee walete kazi zao za mikono. Naambiwa litajadiliwa.

Nimalizie na bwana yule. Ujanani alikuwa akishona kofia za viua, nami nimeiona moja kwa macho yangu: vitundu vimepangika kama vimepigwa mashine. Aliacha alipopanda ndege. Aliniuliza mbele ya watu, na mimi namuuliza mbele ya watu: sindano yake iko wapi?