Skrini ya Ndege Haioni Mvua ya Puge

Rubani anayetoka Tabora kwenda Mwanza kwa ndege ndogo ya injini moja ya pistoni, tuseme Cessna 206, huiacha kata ya Puge upande wake wa kulia robo saa tu baada ya kupaa. Barabara ya Tabora–Nzega humwonyesha njia kwa muda, ikipita kati ya mashamba, miombo na majaruba ya mpunga. Ndani ya chumba cha rubani, kama ndege ni ya miaka ya karibuni, saa za mishale zilizojazana zamani zimetoweka. Badala yake kuna skrini mbili pana. Moja inaonyesha upeo wa macho, mwendo, kimo na uelekeo. Nyingine ina ramani inayosogea pamoja na ndege, mafuta yaliyobaki na hali ya injini.

Mitambo ya namna hii ilikuwa ya ndege kubwa za abiria. Mwaka 2004 kampuni ya Garmin ilileta mtambo wake wa skrini, G1000, katika ndege kama Diamond DA40 na Cessna 182, na leo hata Cessna 172, ndege ya wanafunzi iliyoingia sokoni mwaka 1956 na ambayo zaidi ya 44,000 zimeshatengenezwa, hutoka kiwandani ikiwa nayo.

Kwa mikoa ya magharibi, ndege hizi si anasa ya matajiri. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 na kuingia Kazeh, Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Leo Cessna 206 huimaliza safari ya Dar es Salaam hadi Tabora, kilomita zipatazo 735 kwa mstari ulionyooka, kwa saa tatu hivi, kisha ikatua hata kwenye kiwanja cha udongo ambacho ndege kubwa haikisogelei. Daktari bingwa, chupa za damu na mgonjwa mahututi wote hutoshea humo. Madaktari wa Kuruka wa AMREF walilithibitisha hilo Afrika Mashariki tangu 1957, tena mwanzoni kwa ndege zisizokuwa na skrini hata moja.

Tatizo ni kwamba mnunuzi wa ndege yenye skrini hizi huku kwetu hulipa bei kamili na kupata nusu ya kazi.

Nchini Marekani skrini ya ramani hupokea picha za mvua kutoka vituo vya ardhini na setilaiti za kampuni ya SiriusXM. Rubani huona doa jekundu la dhoruba kilomita mia mbili mbele na kulikwepa mapema. Huduma hizo ni za Amerika Kaskazini. Ndege ileile ikiletwa Tabora, sehemu ya mvua kwenye ramani hubaki tupu, na utupu huo ni hatari, kwa sababu ramani iliyo safi humfanya mtu aamini kwamba anga nayo ni safi. Rada nne za kuongozea ndege zilizofungwa Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, kwa mkataba wa mwaka 2017, ni hatua kubwa, lakini kazi yake ni kumwonyesha mwongoza ndege ndege ilipo. Hazimpi rubani wa Cessna picha ya wingu lililo mbele yake.

Na mawingu ya Unyamwezi hayachezewi. Kati ya Novemba na Aprili wingu la radi huweza kupanda zaidi ya mita 12,000, wakati ndege ya pistoni isiyo na tabo huishia chini kabisa ya nusu ya kimo hicho. Haiwezi kulipita kwa juu. Njia ni kulizunguka au kurudi, na uamuzi huo ni bora ufanywe chini, kabla injini haijawashwa. Kituo cha hali ya hewa cha uwanja wa Tabora hueleza hali ya Tabora. Mvua inayojikusanya Puge huonwa kwanza na wanafunzi, wafanyabiashara wa barabarani na mtendaji wa kata, ambao hakuna anayewauliza.

Alaska ilikuwa na shida hiyohiyo: ndege ndogo nyingi, vituo vichache, milima inayojifunika ghafla. Kuanzia 1999 mamlaka ya anga ya Marekani ilifunga kamera kwenye mapito ya milima na viwanja vya vijijini, ili rubani aangalie mwenyewe picha ya anga ya mbele kabla ya kuondoka. Kamera hizo sasa zinazidi mia mbili. Mtambo wenyewe ni wa kawaida: kamera, umeme wa jua na mtandao wa simu. Minara ya simu tayari iko kwenye barabara ya Nzega, na chuo kinachofundisha wataalamu wetu wa hali ya hewa kiko Kigoma, mwisho wa reli inayopita Tabora.

Wapo watakaosema skrini zenyewe zinatosha kuongeza usalama. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ililipima dai hilo na kutoa matokeo Machi 2010, baada ya kuchunguza ndege ndogo zaidi ya 8,000 zilizotengenezwa kati ya 2002 na 2006. Haikuona nafuu ya jumla. Zenye skrini zilikuwa na kiwango cha juu zaidi cha ajali za vifo, sehemu ya sababu ikiwa ni kwamba zilitumika zaidi kwa safari ndefu na katika hali mbaya ya hewa. Bodi ikataka marubani wafundishwe mtambo husika, kwa kina.

Mafunzo hayo yaguse na joto letu. Tabora iko mita 1,180 hivi juu ya bahari. Mchana wa Oktoba, nyuzi zikifika 32, hewa huwa nyepesi kama ya mita 2,070, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake. G1000 hupiga hesabu hiyo vizuri, lakini lazima rubani aitafute, kisha akubali kumwacha abiria mmoja au kusubiri alfajiri. Mji huu umeshaona ndege ikishindwa: tarehe 27 Februari 1920 Vickers Vimy iliyodhaminiwa na gazeti la The Times, ikitoka Uingereza kwenda Cape Town, ilianguka hapa. Waliokuwamo walipona.

Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kimepata fedha za Benki ya Dunia kupitia mradi wa EASTRIP kujenga kituo cha umahiri wa usafiri wa anga. Ni jambo jema, na wanafunzi wake wanastahili kurushwa pia katika joto la Tabora. Mamlaka ya Hali ya Hewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga nazo zianze na kamera tatu: Puge, Nzega na Shinyanga. Picha mpya itoke kila dakika kumi, ifunguke kwenye simu bila malipo, na kazi hiyo iingizwe kwenye bajeti ijayo ili kamera ziwe zimefungwa kabla ya mvua za Novemba.