Thamani ndogo ya nyumba isimfunge mkopaji mdomo

Kwa mfanyabiashara wa Busia au Tororo, nyumba si makazi tu. Ndiyo rehani iliyomletea mtaji wa mahindi, mitumba au samaki. Riba inapombana, huomba benki nyingine ilipe deni lake na kumpa masharti nafuu. Hapo mthamini hutumwa, na taarifa yake huweza kuvunja mpango wote.

Chukua mfano wa nyumba ya shilingi milioni 60 za Uganda yenye deni la milioni 35. Benki ikikopesha asilimia 70 ya thamani, hutoa milioni 42. Deni hulipwa na mtaji hubaki. Mthamini akiandika milioni 40, benki hutoa milioni 28. Pengo la milioni 7 humrudisha mkopaji kwenye riba ileile.

Taarifa ya mthamini si msahafu. Mkopaji aombe nakala, akague kipimo cha kiwanja, idadi ya vyumba na nyumba zilizolinganishwa na yake. Aulize pia kama benki imetumia bei ya soko au ya mauzo ya haraka, ambayo huwa ndogo. Akiona kosa, aandike barua, aambatishe mikataba ya wapangaji na bei za mauzo ya karibuni mtaani, kisha aombe mthamini wa pili.

Wafanyabiashara nao wajisahihishe. Anayeandika bei pungufu kwenye mkataba ili akwepe ushuru wa stempu humshushia jirani thamani. Mwenye ardhi ya kimila Tororo anaweza kuombea cheti chini ya Sheria ya Ardhi ya 1998. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kenya, Sheria ya Ardhi ya 2012 inadai nyumba ithaminiwe kabla ya mnada. Uganda, kanuni za rehani za 2012 zinataka uthamini huo usizidi miezi sita. Yaani mkopaji hukumbukwa akishafikishwa mnadani. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, nayo iliyaacha masuala ya ardhi kwa sheria za kila nchi.

Benki za pande zote mbili zimpe mkopaji nakala ya taarifa na muda wa kuipinga kabla ombi halijakataliwa. Mpaka uliorahisishiwa mizigo haufai kubaki mgumu kwa mwenye nyumba anayetafuta riba nafuu.