Maombolezo Bila Maungamo: Tafakari Juu ya Msiba wa MV Nyerere

Mchana wa Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria kikiwa kimekaribia gati ya Bwisya, kisiwani Ukara. Kilikuwa kimetoka Bugolora, upande wa Ukerewe, na siku hiyo ilikuwa siku ya gulio. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Watu 41 waliokolewa, na zaidi ya 220 walipoteza maisha. Hesabu hizo zatosha kutuonyesha kwamba waliopanda walikuwa zaidi ya mara mbili ya walioruhusiwa.

Haki inatudai tuanze kwa kutambua yaliyofanyika. Rais John Magufuli alitangaza siku nne za maombolezo, na bendera zikapepea nusu mlingoti. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifika Ukara na kushiriki mazishi. Bodi za TEMESA na SUMATRA zilivunjwa, wahusika kadhaa wakakamatwa, na tume ya uchunguzi ikaundwa chini ya Jenerali mstaafu George Waitara. Michango ya rambirambi ilielekezwa pia katika ujenzi wa kituo cha afya cha Bwisya. Hayo yote ni mema, na aliyefiwa hasahau mkono uliomshika siku ya msiba.

Hata hivyo, upendo kwa marehemu hautuzuii kuuliza. Tunauliza kwanza juu ya mpangilio wa mambo: amri ya kuwakamata wahusika ilitolewa kabla tume haijaundwa. Katika hotuba yake kwa taifa, Rais alieleza kwamba nahodha alimwachia usukani mtu asiye na mafunzo. Ikiwa ndivyo, kosa hilo ni zito na linastahili adhabu. Lakini siyo nahodha aliyepanga kwamba wakazi wa Ukara wategemee kivuko kimoja kidogo hata siku ya gulio, wala siye aliyekabidhiwa usimamizi wa usalama wa vyombo vya majini nchini. Adhabu inapotangulia ukweli, hatari yake ni kwamba watu hutosheka mapema. Wachache wakishaonekana wamefungwa pingu, swali kubwa hufungwa pamoja nao.

Tunauliza pia juu ya maonyo yaliyotangulia. Mbunge wa Ukerewe wa wakati ule alikuwa amekwisha kulieleza Bunge wasiwasi wake kuhusu kivuko hicho. Miezi miwili tu kabla ya ajali, kilifungwa injini mpya. Injini mpya ni jambo jema, ila haiongezi nafasi ya abiria hata mmoja, wala haimzuii mtu kupakia kupita kiasi pale gatini.

Swali chungu zaidi ni la uokoaji. Usiku wa siku ya ajali kazi hiyo ilisitishwa hadi asubuhi. Jumamosi, siku mbili baada ya ajali, mtu mmoja alitolewa akiwa hai ndani ya kivuko kilichopinduka. Tulimshukuru Mungu kwa uhai wake. Lakini uhai huohuo unatuuliza: je, usiku ule wa kwanza, ndani ya chuma kile, alikuwa peke yake? Hatuna haki ya kujibu kwa kukisia. Tunayo haki ya kuuliza kwa nini taifa lenye ziwa kubwa kuliko yote Afrika halikuwa na uwezo wa kuendelea na uokoaji usiku katika maji yake lenyewe.

Tungeyavumilia maswali haya kwa urahisi zaidi kama msiba huo ungekuwa wa kwanza. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu. Tume ya Jaji Robert Kisanga ikachunguza. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Tume nyingine ikaundwa. Kabla mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe. MV Bukoba na Spice Islander, kama MV Nyerere, zilibeba watu kupita kiasi. Ni wangapi kati yetu wanaoweza kueleza tume hizo zilipendekeza nini, na lipi limetekelezwa?

Katika misiba yetu hupenda kusemwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Kwa mfiwa maneno hayo ni faraja, nasi hatumnyang'anyi. Ila yanapotoka kinywani mwa mwenye mamlaka, yaweza kuwa maficho. Kristo alipokumbushwa maafa ya watu wa siku zake, aliutaja mnara wa Siloamu ulioua watu 18. Hakukubali kwamba waliokufa walikuwa wakosefu kuliko wengine. Aliwaita waliobaki hai watubu. Msiba, basi, huwadai toba walio hai.

Nasi Wakatoliki twajua toba ni nini. Katika sakramenti ya Kitubio majuto peke yake hayatoshi. Kuna kutafiti dhamiri, kuungama, kukusudia kutorudia, na malipizi. Tukiipima serikali kwa kipimo hicho, majuto tuliyaona, na malipizi kadhaa pia. Lililopungua ni maungamo: sauti ya dola ikisema wazi, "Hapa ndipo tulipowakosea watu wetu." Na pasipo kuungama, kusudi la kutorudia hukosa msingi, kwa maana mtu hawezi kuacha kosa asilolitaja.

Mafundisho Jamii ya Kanisa yanatukumbusha kwamba mamlaka yapo kwa manufaa ya wote, na kwanza kwa wasio na njia nyingine. Mkazi wa Ukara aliyekuwa na samaki wa kuuza na mtoto wa kupeleka hospitali hakuwa na barabara ya kuchagua. Kwa hiyo Kamati zetu za Haki na Amani, hasa katika parokia za visiwani na mwambao, zina wajibu wa kuuliza kwa heshima na bila woga: uwezo wa chombo hiki ni abiria wangapi, nani huwahesabu, na nani ana mamlaka ya kukizuia kisiondoke? Waziri au mkuu wa wilaya anayeulizwa hivyo hajatukanwa. Amesaidiwa kutimiza wajibu wake.

Mwezi Novemba tunapowaombea marehemu wote, tuwataje na wale wa ziwani na baharini. Raha ya milele uwape, ee Bwana. Na tukitoka kanisani, tuendelee kuuliza.