Mazoezi Hayapimwi kwa Kilo

Kila Januari, na tena msimu wa harusi ukikaribia, mazoezi huuzwa kwa kilo. Bango la jimu linaahidi kilo 10 kwa mwezi, na mwalimu anakupandisha kwenye mzani kabla hajakuuliza unalalaje. Mwezi unaisha, mzani umesogea kidogo au haukusogea kabisa, na mtu anarudi kwenye kiti chake akiamini kwamba mazoezi hayakumkubali. Toleo hili limeandaliwa kwa hoja moja, na ni afadhali tuiseme mapema: mazoezi ni dawa dhaifu ya unene, lakini ni dawa kali ya mengi yanayoandamana na unene. Anayeyapima kwa kilo atayaacha kabla hayajamfaa.

Ushahidi mmoja uko hapa hapa nyumbani, kandokando ya Ziwa Eyasi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nishati inayotumiwa na Wahadzabe 30. Hawakukisia. Waliwanywesha maji yenye haidrojeni na oksijeni za aina inayoweza kufuatiliwa mwilini, kisha wakapima mkojo wao kwa siku kadhaa. Mwanamume wa Kihadzabe hutembea zaidi ya kilomita 10 kwa siku akifuata mawindo na asali, kwa hiyo ungetegemea achome kalori nyingi mno kuliko karani wa Marekani. Ukubwa wa miili ulipozingatiwa, tofauti haikuonekana.

Maelezo ya Pontzer, ambayo wanasayansi wenzake bado wanayabishania, ni kwamba mwili una bajeti ya siku isiyopanuka kirahisi. Miguu ikitumia zaidi, mwili hubana kwingine: kwenye kinga inayowaka bila kuwa na adui, na kwenye homoni za taharuki zinazomwagika kwa sababu ya ujumbe wa bosi. Anayekaa kutwa nzima hubaki na ziada, na ziada hiyo huenda huko. Kama ni hivyo, anayetembea halafu asipungue hajapoteza kitu. Amebadili matumizi.

Habari ya misuli haina ubishi. Kwa kawaida misuli huhitaji insulini ili ichukue sukari kutoka kwenye damu, lakini msuli unaofanya kazi huichukua hata pale insulini inapozembea, maana kule kujikunja kwenyewe hupeleka protini zinazobeba sukari hadi kwenye utando wa seli. Ndiyo sababu matembezi ya dakika 10 au 15 baada ya ugali hupunguza kupanda kwa sukari, hata kama hukupungua kilo moja. Faida hiyo hupungua baada ya siku chache, na kwa hiyo wenye kisukari cha aina ya pili hushauriwa wasipitishe siku mbili mfululizo bila mazoezi. (Anayetumia insulini azungumze na daktari wake kwanza, kwa kuwa sukari inaweza kushuka kupita kiasi.)

Msongo wa mawazo nao unaingia hapo hapo. Homoni ya kortisoli huliagiza ini kumwaga sukari kwenye damu, tayari kwa kukimbia au kupigana. Aliyekwama kwenye foleni ya Mbagala hakimbii wala hapigani. Kukosa usingizi kunazidisha: katika utafiti uliofanyika Chicago na kuchapishwa mwaka 1999, vijana 11 wenye afya walilala kwa muda wa saa 4 tu kila usiku, kwa siku 6, na uwezo wa miili yao kuidhibiti sukari ukashuka waziwazi. Wapo wasomaji wetu wanaoamka saa kumi usiku ili wawahi jimu kabla ya kuwahi daladala, baada ya kulala saa sita usiku. Hao nawashauri walale.

Na chakula? Hapa ndipo mazoea ya kuhesabu kalori peke yake yanapotupotosha zaidi. Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha jaribio lililofanywa Kilimanjaro na watafiti wa KCMC, Moshi, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi. Walishiriki wanaume 77. Waliozoea vyakula vya asili, kama kiburu, maharage na mboga za majani, walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye soseji, mkate mweupe na chipsi. Waliozoea vyakula vya kisasa walihamishiwa kwenye vile vya asili. Kundi jingine lilikunywa mbege kwa wiki moja. Kwa waliohamia kwenye soseji na chipsi, protini zinazoashiria uvimbe wa ndani ziliongezeka damuni, na seli zao za kinga zilipokutanishwa na vimelea maabarani zikaitikia kwa ulegevu. Kwa waliorudi kwenye vyakula vya asili na kwa wanywaji wa mbege, dalili za uvimbe zilipungua. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye. Ndugu zetu Wachaga wasishangilie mno: mbege ni pombe, na waliopimwa walikuwa wanaume watupu.

Hata hivyo, toleo hili halitangazi vita dhidi ya wanga. Utafiti wa Vincent Onywera na wenzake, wa mwaka 2004, uliwafuatilia wakimbiaji 10 mahiri wa Kenya na kukuta zaidi ya robo tatu ya nishati yao ikitokana na wanga: ugali, na sukari ya kwenye chai ya maziwa. Kikombe kile kile kinachomletea karani balaa humjaza mkimbiaji nguvu, kwa kuwa misuli yake imekwisha maliza akiba. Lakini wakimbiaji hao walikuwa wakila takriban kalori 2,987 kwa siku na kutumia 3,605.

Kwa siku chache, mwili huvumilia upungufu huo. Ukiendelea kwa miezi, bajeti hubana pabaya: mifupa hudhoofika, maradhi hayaishi, hedhi hukatika, kasi hushuka. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hiyo jina na kusisitiza kwamba wanaume nao huipata. Msichana anayekimbia, kasi yake ikishuka, mara nyingi huambiwa apunguze kilo mbili, yaani aongezewe kile kile kinachomwangusha. Kocha na aanze kwa kumuuliza amekula nini tangu mazoezi ya alfajiri, na hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini. Akiona haya kuuliza hilo la pili, amtafute mwanamke wa kuliuliza kwa niaba yake.