Mcheza Kwao Hutunzwa, na Mtembeaji Je?

Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya dawa isiyouzwa dukani wala kuandikwa kwenye cheti cha daktari. Dawa hiyo ni neno la pongezi.

Tuanze na mama mmoja ambaye jina lake tunalihifadhi. Alifika kliniki akiwa na uzito mkubwa na presha ya juu. Tulimpa dawa, tukamshauri apunguze chumvi na mafuta, tena atembee kila siku. Mama huyo alitii. Akawa anatembea asubuhi kutoka Bweri hadi mjini, safari ambayo zamani aliifanya kwa pikipiki. Baada ya miezi michache alikuwa amepungua, na presha ikaanza kushuka. Sisi wauguzi tulifanya nini? Tuliandika tarakimu kwenye kadi yake, tukamwita anayefuata. Foleni ilikuwa ndefu.

Mtaani nako hawakunyamaza. "Mama, mbona umekonda hivyo? Umekwenda kupima?" Wengine wakacheka kwamba mumewe ameshindwa hata nauli ya pikipiki. Mama akaona haya. Akaacha kutembea, mwishowe akaacha na dawa. Aliporudi kwetu aliletwa amebebwa, upande mmoja wa mwili umelegea. Kilikuwa kiharusi.

Je, tunasema kwamba pongezi peke yake ingezuia kiharusi? La hasha. Lakini mama yule hakuacha kwa uvivu. Kazi aliyoifanya kwa jasho iligeuzwa kuwa aibu, na sisi tuliojua ukweli wake hatukufungua kinywa. Kosa hilo ni letu pia.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Kwaya ikiimba vizuri tunapiga vigelegele. Mtoto akifaulu mtihani tunachinja kuku. Lakini mtu anayejitahidi kuutunza mwili wake tunamtazama kwa mashaka. Kwa nini? Kwanza, tumezoea kuona unene kuwa ni neema, na tangu Ukimwi ulipoingia kwetu, kupungua kumekuwa ni kushukiwa. Pili, tunadhani atembeaye kwa miguu ni fukara.

Hilo la pili lisitoke kinywani mwa watu wa Mara. Mwaka 1967, Mwalimu Nyerere, akiwa Rais wa nchi, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Je, alikosa gari?

Huenda msomaji akasema: tuzo ni ya mshindi, mtu anayetembea tu amemshinda nani? Tumjibu kwa mfano wa Mtanzania mwenzetu, John Stephen Akhwari wa Mbulu. Mwaka 1968, katika Michezo ya Olimpiki mjini Mexico City, alianguka kwenye mbio za marathoni akaumia vibaya goti. Akafungwa bandeji, akaendelea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amemaliza zaidi ya saa moja kabla yake. Akhwari aliingia uwanjani akichechemea, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, na watazamaji wachache waliobaki wakampigia makofi. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio, bali kuzimaliza. Mwaka 1983 Taifa lilimtunuku nishani. Hatumwambii mgonjwa akimbie na jeraha. Tunasema tu kwamba dunia nzima ilitambua juhudi ya mtu wa mwisho.

Basi nasi tufanyeje nyumbani na katika jumuiya zetu?

Kwanza, tusifu tendo kabla ya umbo. Badala ya "umekonda", tuseme "naona hukosi kutembea kila asubuhi, hongera". Uzito hupungua polepole, na kwa wengine haupungui sana, lakini moyo na mishipa vinapata faida.

Pili, tupime mtu kwa hatua zake mwenyewe. Babu aliyepooza akifika mlangoni kwa fimbo wiki hii, na wiki ijayo akafika uani, huo ni ushindi wake. Tusimlinganishe na jirani.

Tatu, tutambue kazi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano. Mama anayelima na kuchota maji ziwani huenda anazipita. Naye ashukuriwe, tena asaidiwe ndoo.

Nne, pongezi isiwe kibali cha kuacha dawa. Presha ikishuka, endelea na dawa mpaka mganga wako aseme vingine. Na mtu anayekonda bila kufanya mazoezi wala kubadili chakula aende hospitali mapema, bila kunong'onwa. Huenda ni kisukari au kifua kikuu, na magonjwa hayo yana matibabu.

Sisi wauguzi tumeanza kujirekebisha. Siku hizi kadi ikionyesha presha imeshuka, tunamwonyesha mgonjwa tarakimu ya mwezi uliopita na ya leo, tunamwambia, "Hii ni kazi yako." Haichukui hata dakika moja. Tumeona watu wazima wakitabasamu kama watoto, na wengi wao wanarudi tarehe waliyopangiwa.

Ndugu msomaji, Akhwari alingoja nishani miaka 15. Mumeo, mkeo, mama yako au jirani yako asingoje muda huo. Kesho asubuhi ukimwona anapita kwa miguu, msalimie, umpongeze. Ukiweza, vaa viatu, mwende pamoja.