Mvuvi wa Itungi Asifanywe Kisingizio

Katika kikao kimoja cha kupitia maombi ya fedha za utafiti, mwanafunzi wangu alieleza nia yake ya kusanifu molekuli zinazobadili umbo kulingana na rangi ya mwanga unaozipiga. Mjumbe mmoja akamkatiza: "Hiyo itamsaidia nini mvuvi wa Itungi?" Ukumbi ukacheka, na ombi likaanguka.

Swali hilo nitalijibu mimi, maana aliyetajwa hakuwapo, na asiyekuwapo na lake halipo.

Mvuvi wa usipa hutoka usiku wa giza, akawasha taa juu ya maji ya Ziwa Nyasa ili kuwavuta samaki. Je, huuonaje ufukwe anaporejea? Jichoni mwake mna retinali, molekuli itokanayo na vitamini A. Gizani hukaa imejikunja. Ikiguswa na chembe moja tu ya nuru hujinyoosha kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya trilioni ya sekunde, na hapo ndipo kuona kunapoanza. Vitamini hiyo ikipungua mwilini, upofu wa usiku humnyemelea. Samaki wadogo waliwao wazima, pamoja na ini na macho, ni miongoni mwa vyanzo vyake. Lakini jua lilelile tunalowaanikia huiharibu. Tuwaanike juani au kivulini? Hilo ni swali la kemia ya nuru, nalo linamhusu mvuvi kabla ya kumhusu profesa.

Wanakemia wamejifunza kusanifu molekuli za namna hiyo. Azobenzini hujikunja kwa miale ya urujuanimno ya nanomita 365 hivi, na hunyooka tena kwa mwanga wa buluu. Mwaka 2013 kundi la Ben Feringa wa Groningen, Uholanzi, lilionyesha dawa ya kuua bakteria inayowashwa kwa nuru na kupoteza makali yake baadaye, ili isibaki katika mazingira ikiwazoesha bakteria usugu. Mwaka 2016 Feringa alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa mashine za kimolekuli. Nani atathubutu kusema kwamba usugu wa dawa hauifiki Kyela?

Nakubali kwamba fedha ni chache. Lakini uchache hutudai tuchague kwa hoja, si kwa dhihaka. Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Tanzania haijafika huko. Anayedai utafiti wa "manufaa ya haraka" pekee anataka kuvuna shamba ambalo hakukubali lilimwe.

Basi, kila ombi lisomwe na mjuzi wa fani husika, kila kukataliwa kuandikiwe sababu, na fungu la sayansi ya msingi litengwe wazi. Na atakayemtaja tena mvuvi wa Itungi kikaoni, kwanza ashuke ziwani akamuulize.